Usawa katika idara ya sayansi: mwongozo kwa wakuu wa idara na asistenti wa Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa idara, katibu wake na asistenti (walimu wasaidizi) wanaosimamia maabara katika vyuo vikuu vya Lubumbashi, iwe idara yao ni ya kemia, fizikia, hisabati, biolojia au jiolojia. Msimamo wake ni kwamba ubaguzi katika idara ya sayansi mara chache hutamkwa hadharani. Hukaa ndani ya ratiba, ndani ya orodha za vikundi vya maabara, katika namna pointi zinavyotolewa na katika namna asistenti mpya anavyochaguliwa, kwa hiyo huondolewa humo humo, kwa kuandika upya taratibu hizo. Sherehe ya tarehe 11 Februari, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2015 kuwa siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, ni jambo jema, lakini idara inayosherehekea siku hiyo na kuacha taratibu zake kama zilivyo haijafanya kazi yoyote.

Kabla ya kuanza, mkuu wa idara ajiwekee mezani maandiko ya sheria, kwa sababu katika kikao cha kwanza hatakosa mwenzake atakayesema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika elimu na katika kupata kazi za umma kwa sababu ya dini, asili ya familia, hali ya maisha, makazi, maoni, kabila au lugha ya walio wachache. Kifungu cha 14 kinaidai serikali kuondoa kila aina ya ubaguzi dhidi ya mwanamke, na sheria namba 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 ikafuata kueleza namna ya kutekeleza usawa huo. Mwaka 2022 zikaongezeka sheria mbili: ile ya tarehe 3 Mei inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na ile ya tarehe 15 Julai inayolinda haki za Wambilikimo. Mkuu wa idara anayezitaja sheria hizi katika aya ya kwanza ya waraka wake anaokoa nusu saa ya mabishano.

Hatua ya kwanza: hesabu, lakini usihesabu kabila

Anza na daftari za uandikishaji na matokeo ya miaka mitatu au minne iliyopita. Kwa kila mwaka wa masomo, andika wasichana wangapi walijiandikisha, wangapi walifika kwenye mitihani, wangapi walipanda mwaka unaofuata, wangapi walipewa mada ya utafiti na nani, na wangapi walibaki idarani kama asistenti. Fanya vivyo hivyo kwa wanafunzi wenye ulemavu, ikiwa wenyewe wamekubali kujulikana. Mara nyingi idara hugundua kwamba mahali pa kupoteza watu si pale ilipodhani. Idara inaweza kuamini kwamba wasichana hawaji kusoma fizikia, kumbe wanakuja na kuondoka baada ya mwaka wa kwanza, na hayo ni matatizo mawili yasiyo na dawa moja.

Kabila ni jambo jingine. Miongozo mingi inayotoka Marekani au Uingereza inashauri idara ikusanye asili ya kila mwanafunzi, na huko ina sababu zake. Katika Lubumbashi orodha kama hiyo ni hatari. Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya chuo kikuu cha mji huu, na swali la nani anatoka mkoa gani lilikuwa sehemu ya msiba huo. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa wingi, maelfu yao wakalala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Wazazi wa wanafunzi wetu wa leo wanayakumbuka hayo. Kwa hiyo usiweke safu ya kabila wala ya eneo la asili katika orodha yoyote ya idara, hata kwa nia njema, na usimruhusu asistenti kuuliza jambo hilo kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Badala yake, jenga taratibu zinazomlinda mtu bila kuhitaji kujua anatoka wapi. Hatua inayofuata ndiyo iliyo na nguvu zaidi kwa lengo hilo.

Hatua ya pili: toa majina kwenye karatasi za mitihani

Jina la mtu katika nchi yetu linasema mengi mno. Linaweza kutaja mkoa, kabila, na mara nyingi jinsia, na msahihishaji analisoma kabla hajasoma jibu. Utaratibu wa kuliondoa hauhitaji kompyuta. Katibu wa idara anampa kila mtahiniwa namba kwa mtihani huo tu, mwanafunzi anaandika jina lake na namba kwenye kipande cha juu cha karatasi, na namba peke yake kwenye kipande cha chini, katibu anakata vipande vya juu na kuvifunga ndani ya bahasha inayosainiwa na wawakilishi wawili wa wanafunzi. Bahasha hufunguliwa baada ya pointi kuwekwa kwenye jedwali, mbele ya baraza la mitihani. Karatasi na mkasi ndizo gharama zote.

Pamoja na hayo, mwalimu awe ameandika majibu anayoyatarajia na uzito wa kila swali kabla ya kupokea karatasi, na nakala ibaki kwa katibu. Mwanafunzi anayekata rufaa atapimwa kwa waraka huo, wala si kwa kumbukumbu ya mwalimu. Mtihani wa mdomo usifanywe na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Wawepo wawili, na maswali yavutwe kwa kura kutoka kwenye bakuli. Kwa tasnifu na kazi za mwisho, ambako jina haliwezi kufichwa, msomaji wa pili atoke nje ya maabara ya msimamizi.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kongo analijua, yaani pointi zinazodaiwa kwa mwili. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza kosa la unyanyasaji wa kingono katika kanuni ya adhabu, kwa hiyo jambo hili ni kosa la jinai na halina nafasi ya kuitwa udhaifu wa kibinadamu. Karatasi zisizo na majina hupunguza uwezo wa mwalimu kumtishia mtu mmoja, lakini hazitoshi. Ongeza kanuni tatu zilizoandikwa na kubandikwa ubaoni: mwalimu haonani na mwanafunzi kuhusu pointi nje ya ofisi na nje ya saa zilizotangazwa, kila ombi la kuangalia upya pointi linapitia kwa katibu kwa maandishi, na msimamizi wa tasnifu anaweza kubadilishwa kwa ombi la mwanafunzi bila mwanafunzi kulazimishwa kueleza sababu mbele ya kikao. Kanuni hii ya tatu ndiyo itakayopingwa zaidi na maprofesa, kwa hoja kwamba wanafunzi wavivu wataitumia kukimbia kazi. Huenda wachache wakafanya hivyo, na hiyo ni gharama ndogo.

Malalamiko yenyewe yapokelewe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja asiyekuwa wa idara hiyo. Mpokeaji asiwe mkuu wa idara peke yake, kwa kuwa mara nyingi yeye ni rafiki wa miaka mingi wa anayelalamikiwa, au ndiye mwenyewe. Anayelalamika aelezwe kwa maneno yaliyo wazi kwamba idara haiwezi kuchukua nafasi ya mahakama, na kwamba ana haki ya kwenda huko bila kuomba ruhusa ya chuo. Jina lake lisitajwe katika muhtasari wa kikao.

Hatua ya tatu: maabara

Simama kando ya chumba wakati wa mazoezi na utazame nani anashika nini. Katika vikundi vya watu sita wanaogombea bureti moja (mrija wa kioo wa kupimia kimiminika), jambo la kawaida ni kuona mvulana akishika chombo, msichana akiandika matokeo kwa mwandiko mzuri, na watu wawili wa nyuma wakinakili baadaye. Mwisho wa mwaka wote wana pointi za maabara, lakini aliyejifunza kupima ni mmoja. Dawa yake ni kupanga vikundi kwa kura, si kwa urafiki wala kwa walikosoma sekondari, na kuandika kwenye karatasi ya kila zoezi nani anashika chombo, nani anasoma kipimo, nani anaandika na nani anaosha vyombo, na majukumu hayo yazunguke kila wiki. Kuosha vyombo kuzunguke pia, maana bila kanuni kazi hiyo huangukia wasichana. Asistenti atoe pointi kwa mtu mmoja mmoja, walau mara moja kwa muhula, kwa kumwomba kila mwanafunzi afanye kipimo kimoja mwenyewe.

Upofu wa rangi husahauliwa kabisa, ingawa huwapata wanaume zaidi ya wanawake na hauonekani kwa nje. Mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani atateseka na heliantini, kiashirio cha asidi kinachogeuka kutoka nyekundu hadi njano, kisha ataambiwa hana umakini. Pale zoezi linaporuhusu, fenoliftaleini ni nafuu kwake zaidi, kwa kuwa hutoka bila rangi hadi waridi, na mita ya pH ni bora kuliko zote mbili. Kwenye ramani za jiolojia, ongeza herufi au mistari juu ya rangi. Katika mji unaoishi kwa madini ya shaba, ambako malakaiti ya kijani hufundishwa tangu wiki za kwanza, itakuwa aibu kumfelisha mtu kwa sababu ya jicho wakati ugumu wa jiwe na uzito wake vinaweza kupimwa pia.

Mwanafunzi mjamzito asifukuzwe maabarani, na pia asiachwe kuvuta mvuke wa benzini, formalini au zebaki kana kwamba hakuna hatari. Idara iandike mapema orodha ya mazoezi yenye kemikali za aina hiyo pamoja na zoezi mbadala la kila moja, na orodha hiyo itangazwe kwa darasa zima mwanzoni mwa mwaka, ili anayeihitaji aitumie bila kutangaza hali yake. Uingizaji hewa ukirekebishwa, watakaofaidi ni wote, wakiwemo wahudumu wa maabara wanaokaa humo kutwa.

Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, vipimo vinajulikana: mlango uwe na upana wa wazi wa sentimita 80 au zaidi, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda, na meza moja tu ya maabara iwe na kimo cha sentimita 75 hivi, bila kabati chini yake, ili magoti yaingie. Seremala anaweza kuimaliza meza hiyo kwa siku chache. Jengo likiwa la zamani na ngazi zake haziondoki, hamisha mazoezi ya kikundi kizima hadi chumba cha chini. Usimhamishe mwanafunzi mmoja akae peke yake na asistenti.

Kuhusu saa, umeme unaokatika husogeza mazoezi hadi jioni, na msichana anayekaa Katuba au Ruashi hubaki akichagua kati ya kumaliza kipimo na kupata usafiri salama. Ikiwa idara ina jenereta, mafuta yake yatumike kwanza kwa mazoezi ya mchana. Ikiwa haina, zoezi lililokatizwa lirudiwe wiki inayofuata, hata kama ratiba itavurugika.

Hatua ya nne: safari za uwandani na migodini

Wanajiolojia wana shida yao ya pekee. Mkataba namba 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulikataza mwanamke kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi, na mawazo ya enzi hiyo bado yanasikika pale kampuni inapojibu kwamba itapokea wanafunzi wa mazoezi lakini wavulana tu. Inafaa kujua kwamba hata mkataba huo wenyewe, katika kifungu chake cha 3, uliruhusu nchi kuwaachia wanawake walio masomoni washuke mgodini kwa mafunzo. Mkuu wa idara anayeandika barua kwa kampuni ya Kipushi, Likasi au Kolwezi asitume orodha ya wavulana kwa kudhani kwamba anarahisisha mambo. Atume orodha nzima, na kampuni ikikataa wasichana, iseme hivyo kwa maandishi.

Kwa safari zenyewe, andika kabla ya kuondoka mahali pa kulala wasichana na wavulana, mahali pa choo, nani ana namba ya simu ya dharura, na nani kati ya walimu hataruhusiwa kunywa pombe kwa siku zote za safari. Mimi ningependa wasiruhusiwe wote, lakini nitaridhika na wawili. Awepo mwanamke mmoja miongoni mwa wasimamizi, hata kama ni lazima kumwazima kutoka idara nyingine. Mwanafunzi asiyeweza kupanda mlima apewe kazi halisi ya kuchambua sampuli na picha za eneo hilo hilo, yenye pointi sawa.

Hatua ya tano: fedha ndogo ndogo

Minervali, yaani ada ya masomo, haipangwi na idara, kwa hiyo usipoteze nguvu hapo. Kinachopangwa na idara, au kinachovumiliwa nayo, ni yale malipo mengine: silabasi (maandishi ya kozi) inayouzwa na mwalimu pamoja na orodha ya walionunua, fedha za mazoezi ya maabara, fedha za karatasi, fedha za kusaini fomu. Mtoto wa mchuuzi wa soko la mtaa wa Kenya hufeli hapo, wala si kwenye hesabu za integrali. Kataza orodha ya wanunuzi moja kwa moja, kwa kuwa haina kazi nyingine ila kutisha. Nakala mbili za kila silabasi ziwekwe maktabani, na faili yake ipelekwe kwa mwakilishi wa darasa ili isambazwe kwa simu bila kuhitaji mega nyingi. Ikiwezekana iwe nyepesi, bila picha zilizoskaniwa. Idara iwe pia na makoti ya maabara machache ya kuazima, ili mwanafunzi asirudishwe mlangoni kwa kukosa koti.

Hatua ya sita: lugha darasani

Masomo yanafundishwa kwa Kifaransa, na mwalimu akiona nyuso zimefungwa hugeukia Kiswahili cha mjini. Ni jambo zuri kwa wengi, lakini mwanafunzi aliyetoka Mbuji-Mayi au Kinshasa hupitwa na mzaha pamoja na ufafanuzi uliokuwa ndani yake. Kanuni inayotosha ni kwamba kila kinachoelezwa kwa Kiswahili kirudiwe kwa Kifaransa chepesi na kiandikwe ubaoni, na kwamba maswali ya mtihani yaandikwe kwa sentensi fupi. Mzaha unaotaja kabila la mtu au namna anavyotamka maneno usifanywe kwa lugha yoyote.

Hatua ya saba: kumchagua asistenti

Ukiwa na nguvu ya kubadilisha jambo moja tu, badilisha hili. Asistenti wa leo ndiye mkuu wa kazi (cheo kilicho kati ya asistenti na profesa) wa kesho na profesa wa miaka kumi na tano ijayo, na idara ambayo kwa miaka mingi imebakiza watu wa aina moja itakuwa ya aina hiyo kwa kizazi kizima. Hesabu ya UNESCO ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wanawake ni kama theluthi moja tu ya watafiti duniani. Ukipita mlangoni mwa idara nyingi za fizikia au jiolojia za kwetu na kusoma majina yaliyo juu ya ofisi, utaona kwamba theluthi hiyo bado iko mbali.

Kwa desturi, profesa humwita mwanafunzi anayemfahamu na kumwambia aandike barua, na wengine husikia habari baada ya nafasi kujazwa. Badala yake, tangazo libandikwe siku 30 kabla, likieleza kozi, masharti na namna ya kupima waombaji. Kamati iwe na watu watano, wakiwemo wanawake wawili na mtu mmoja wa kitivo kingine. Vigezo viandikwe na kupewa uzito kabla ya mafaili kufunguliwa: matokeo ya masomo, jaribio la kufundisha la dakika 20 mbele ya kamati, na jaribio la vitendo maabarani. Swali la kama mwombaji ameolewa, ana watoto au ana mpango wa kuzaa lisiulizwe, na akiulizwa, mwenyekiti alifute kwenye kumbukumbu na kumwomba radhi mwombaji hapo hapo. Profesa mwenye ndugu au mtu wa nyumbani kwake miongoni mwa waombaji atoke kwenye kamati bila kusubiri kuombwa.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ubora utashuka. Jaribio la vitendo hujibu hoja hiyo vizuri, kwa kuwa mtu mwenye pointi nyingi alizopewa kwa upendeleo hujulikana dakika tano tu baada ya kushika bureti. Wasichana wahitimu wanaosita kuomba waandikiwe barua rasmi ya kuwajulisha nafasi, sawasawa na wavulana waliopata matokeo ya kiwango hicho. Majina ya kuonyesha kwamba njia ipo hayakosekani: Raïssa Malu, mwanafizikia aliyeanzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia Kinshasa mwaka 2014, ndiye aliyekabidhiwa wizara ya elimu ya taifa mwaka 2024.

Asistenti akishapatikana, mpangie saa kwa haki. Asistenti mwanamke mara nyingi hupewa kazi za ukatibu, kupokea wageni na kuandaa chai ya utetezi wa tasnifu, huku wenzake wakiandika makala. Andika saa za kila mmoja kwenye jedwali moja linaloonekana na wote, pamoja na saa za utafiti, na atakayejifungua arudishiwe kozi na maabara yake baada ya likizo, si kozi iliyobaki.

Hatua ya nane: weka tarehe

Karatasi za mitihani zisizo na majina na vikundi vya kura vinaweza kuanza katika muhula huu huu bila ruhusa ya mtu yeyote aliye juu ya idara. Kanuni za malalamiko na za kumchagua asistenti zipelekwe kwenye baraza la kitivo, kwa sababu kanuni isiyopita humo huondoka pamoja na mkuu wa idara aliyeileta. Meza ya chini na njia ya mteremko ziingizwe kwenye maombi ya bajeti ya mwaka ujao, zikiwa na michoro na bei ya seremala. Mwishoni mwa muhula wa pili, katibu arudie zile hesabu za hatua ya kwanza kwa jedwali lile lile na kulisoma mbele ya idara nzima, wanafunzi wakiwakilishwa na watu wawili waliochaguliwa na wenzao, na mahali ambapo tarakimu haijasogea jina la mwenye dhamana ya hatua hiyo liandikwe pembeni pamoja na tarehe mpya.